King'amuzi kimoja, runinga tatu: jinsi ya kusambaza picha ya HD yenye ulinzi ndani ya nyumba

Zamani antena moja juu ya bati ilitosha nyumba nzima. Waya ulishuka, ukagawanywa, na kila chumba kikajichagulia chaneli yake. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, Nairobi ikafuata mwaka 2015, na tangu hapo king'amuzi ndicho kinachoshika kila kitu. Kinatoa chaneli moja kwa wakati mmoja, kupitia tundu moja la HDMI, na picha inayotoka hapo imefungwa kwa ulinzi. Ndiyo maana mtu ananunua splita (kifaa cha kugawa picha) ya bei ndogo, anaunganisha sebuleni na chumbani, kisha anakuta skrini nyeusi au maandishi ya kumwambia runinga yake haikubaliki, ilhali ameitoa dukani juzi.

Ulinzi huo haukatazi kutazama kwenye runinga nyingi za nyumba moja. Tangu mwanzo ulipangwa ukiwa na nafasi ya vifaa vya kugawa picha. Kinachokataliwa ni kifaa kisicho na kitambulisho, na mara nyingi ni kifaa kimoja tu kinachowanyima picha wengine wote. Ukikijua ni kipi, kazi iliyobaki ni ya waya na subira.

Hatua ya 1: Amua unataka picha moja kila mahali, au kila chumba na chaneli yake

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Splita inagawa kile kile kinachoonekana sebuleni. Baba akiwa kwenye Simba na Yanga, chumba cha watoto nako ni Simba na Yanga. Hakuna splita, hata ya bei gani, inayoweza kutoa katuni upande mmoja na mpira upande mwingine kutoka kwenye king'amuzi kimoja.

Ukitaka picha moja kila chumba, fuata hatua ya 2 hadi ya 7. Ukitaka kila chumba kijitegemee, unahitaji king'amuzi cha pili au vifaa vya intaneti, na hayo yako hatua ya 8 na ya 9. Kaa na watu wa nyumbani muulizane kabla hujaenda dukani. Nimeona nyumba zenye waya mzuri uliopita ndani ya ukuta ambao hakuna anayeutumia, kwa sababu hakuna aliyeuliza watoto wanatazama nini saa mbili usiku.

Jambo moja la mkataba: kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Kuvuta waya kwenda kwa jirani, baa, nyumba ya wageni au kibanda umiza ni biashara nyingine yenye kifurushi chake, na mwongozo huu hauendi huko.

Hatua ya 2: Elewa king'amuzi kinauliza nini

Ulinzi unaotumika kwenye HDMI unaitwa HDCP. Ulibuniwa na Intel, na leseni zake hutolewa na kampuni yake tanzu, Digital Content Protection. Kila kifaa chenye leseni, kiwe king'amuzi, splita au runinga, hutoka kiwandani na funguo zake za siri na namba yake ya utambulisho. Ukiwasha, king'amuzi kinaidai runinga namba hiyo, pande zote mbili zinapiga hesabu kwa funguo zake, na majibu yakilingana picha inaachiliwa.

Ukaguzi hauishii hapo. Katika toleo la kwanza la HDCP hesabu inarudiwa kila baada ya fremu 128, yaani takriban kila sekunde mbili, na jibu lisipolingana picha inakatwa. Ukiona picha inapotea na kurudi kwa mpigo unaofanana, kwa kawaida unatazama ukaguzi ukishindwa na kuanza upya.

Splita yenye leseni inafanya kazi mbili. Inafungua picha iliyotoka kwenye king'amuzi na kuifunga upya kwa ajili ya kila runinga. Pia inakusanya namba za runinga zote zilizo nyuma yake na kuzipeleka juu, ili king'amuzi kijue kinazungumza na nani. Toleo la kwanza linaruhusu hadi vifaa 127 kwenye ngazi 7, na toleo la pili vifaa 32 kwenye ngazi 4. Kwa hiyo runinga tatu au nne za nyumbani ziko mbali sana na kikomo.

Kuna mazungumzo ya pili yanayochanganywa na haya. Runinga yoyote ya HDMI ina karatasi yake ya sifa, inayoitwa EDID: skrini ina ukubwa gani wa picha, inakubali sauti za aina gani. King'amuzi husoma karatasi hiyo kabla ya kuamua kitoe nini. Kukiwa na splita katikati, karatasi ziko tatu na king'amuzi kinataka moja. Splita ya bei ndogo hupeleka karatasi ya tundu la kwanza na kuziacha nyingine, au huchukua ile ya chini kuliko zote. Hapo ndipo runinga ya sebuleni ya 4K (picha kali kuliko HD ya kawaida) inapoanza kuonyesha picha ya chini kwa sababu ya skrini ndogo iliyoko jikoni, na mwenye nyumba analaumu kampuni ya dishi.

Hatua ya 3: Pima kila runinga peke yake

Chukua king'amuzi, kebo fupi ya HDMI unayoiamini, na uzunguke nyumba nzima. Unganisha moja kwa moja, bila splita, kwenye kila runinga. Weka chaneli ya kulipia ya HD, siyo ya bure, kwa sababu baadhi ya ving'amuzi hufunga zaidi chaneli za kulipia. Acha picha icheze dakika chache. Andika kwenye karatasi: tundu gani la HDMI limekubali, picha imetoka kwa ukubwa gani (720p, 1080i au 1080p, yaani idadi ya mistari ya picha), na sauti imesikika au la.

Angalia pia alama zilizo nyuma au pembeni ya runinga. Alama ya "HD ready", iliyoanza Ulaya mwaka 2005, iliilazimu runinga kuwa na HDCP, hivyo hata runinga ya mtumba yenye alama hiyo inafaa. Wasiwasi uko kwenye skrini za kompyuta za zamani, hasa zenye tundu la DVI. Nyingi hazina HDCP, na adapta ya kugeuza HDMI kuwa DVI haiziongezei. Kwenye runinga za mwanzo za 4K, tundu linalokubali ulinzi wa 4K huwa moja tu, na karibu yake kumeandikwa HDCP 2.2.

Hilo toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2013 kwa ajili ya picha za 4K, na halina huruma kwa vifaa vya nyuma yake. Filamu inayolidai haitapita kwenye splita wala runinga yenye toleo la 1.4. Lakini king'amuzi chako kikitoa 1080 kama ving'amuzi vingi vya HD vya hapa kwetu, toleo la 1.4 linatosha, na usikubali kuuziwa kifaa cha gharama kwa jina la 4K ambayo hakuna chaneli yako inayoitoa.

Runinga ikishindwa hapa, kwenye unganisho la moja kwa moja, itashindwa pia nyuma ya splita. Iondoe kwenye mpango sasa, au uipangie njia ya waya wa AV nitakaoutaja chini.

Hatua ya 4: Nunua splita kwa sifa, usiinunue kwa idadi ya matundu

Kuna kebo yenye umbo la Y, ncha moja ya kuingiza na mbili za kutoa, isiyo na umeme wake. Iache dukani. Ndani ya HDMI kuna nyaya mbili ambazo runinga hutumia kujibu maswali ya king'amuzi. Runinga mbili zikijibu kwa pamoja kwenye nyaya hizo hizo, majibu yanagongana na ukaguzi hauwezi kupita. Kebo hiyo ikiwahi kufanya kazi, ni pale runinga moja inapokuwa imechomolewa.

Splita ya kununua ina adapta yake ya umeme, na kwenye boksi au karatasi yake imeandikwa wazi toleo la HDCP inalolikubali. Tafuta yenye vitufe vidogo vya kupanga EDID, vile vya kusukuma kwa ncha ya kalamu. Hivyo vitakuruhusu uiambie splita imjibu king'amuzi "1080p, sauti ya stereo" siku zote, bila kujali nani amewashwa na nani amezimwa. Kama una runinga ya 4K pamoja na za kawaida, na chanzo chako ni cha 4K kweli, ulizia splita inayoweza kushusha picha kwenye tundu moja huku nyingine ikibaki 4K. Na nunua yenye tundu moja zaidi ya mahitaji ya leo, maana runinga ya chumba cha wageni haikawii kuja.

Sokoni utakutana pia na visanduku vinavyosifiwa kwamba "vinaondoa" HDCP. Sivipendekezi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuzunguka kinga za kiteknolojia, na Marekani ina katazo la namna hiyo tangu 1998. Na hata ukiiweka sheria pembeni, unajenga nyumba yako juu ya kifaa ambacho utambulisho wake unaweza kufutwa na sasisho linalokuja kwenye king'amuzi. Nyumba yenye runinga zenye HDCP haina haja nacho.

Hatua ya 5: Pitisha waya kulingana na umbali

Hadi mita 10 hivi, kebo ya HDMI ya kawaida yenye shaba nene hubeba 1080p bila shida. Kati ya mita 10 na 15 inategemea ubora wake, na zile nyembamba zinazopinda kama uzi ndizo zinazoanguka kwanza. Kupita hapo kuna njia mbili za kuaminika.

Ya kwanza ni kebo ya HDMI ya mwanga, ambayo ndani yake picha husafiri kwenye nyuzi za kioo. Ina upande wa chanzo na upande wa runinga, umeandikwa kwenye kila ncha. Ikigeuzwa haifanyi kazi, na kuigundua baada ya kupaka plasta ni maumivu. Usiikunje kwenye kona kali.

Ya pili, na ndiyo ninayoipendelea kwa nyumba zetu, ni ekstenda ya HDMI kupitia waya wa mtandao. Kisanduku kimoja kinakaa karibu na splita, kingine nyuma ya runinga, na katikati unapita waya wa Cat6. Zile za kiwango cha HDBaseT, kilichoanzishwa mwaka 2010 na LG, Samsung, Sony Pictures na Valens, hufika mita 100. Za kawaida hufika mita 30 hadi 60. Hakikisha nazo zimeandikwa zinapitisha HDCP, kwa kuwa ekstenda nayo ni kifaa katika mnyororo na nayo itaulizwa kitambulisho.

Kwa nini naupendelea? Plagi ya HDMI ni pana na ngumu, na hukwama kwenye kona ya kwanza ya bomba lililoko ukutani. Cat6 unaupitisha ukiwa mtupu na kufunga plagi baadaye. Ukiharibika unafunga plagi mpya. Siku ukiachana na king'amuzi, waya ule ule unakuwa wa intaneti.

Lakini Cat6 ina mtego mmoja. Mwingi unaouzwa kwa bei ya kutupa ni wa alumini iliyopakwa shaba. Chukua kipande, menya ncha, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, rudisha. Kwa intaneti ya kawaida unaweza kukuvumilia, kwa HDMI utakupa picha inayokatika mchana wa joto. Kila ncha funga kwa mpangilio mmoja, na mpangilio wa T568B ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Waya wa ekstenda za namna hii uende moja kwa moja kutoka kisanduku hadi kisanduku. Usiupitishe kwenye ruta wala swichi ya mtandao, hata kama tundu linafanana, isipokuwa ekstenda yenyewe imeandikwa kwamba hufanya kazi kwenye mtandao.

Usiupitishe bomba moja na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatize kwa pembe mraba. Na wakati wa kuvuta, vuta mbili. Waya wa pili unabaki wa akiba, na gharama yake ni ndogo kuliko kumwita fundi mara ya pili.

Hatua ya 6: Unganisha kila kitu kikiwa kimezimwa

HDMI ina sifa ya kuchomekwa wakati wowote, lakini katika nyumba yenye dishi juu ya paa usiiamini sana. Waya wa dishi huleta chaji kutoka nje, na mara nyingi nyumba haina eathi ya maana. Tofauti ya umeme kati ya kasha la king'amuzi na kasha la runinga hutafuta njia, na njia iliyo wazi ni tundu la HDMI. Ndiyo chanzo cha yale matundu yanayokufa huku runinga yenyewe ikiendelea kuwaka. Kwa hiyo chomoa plagi zote ukutani, unganisha kebo zote, kisha ndipo urudishe umeme. King'amuzi, splita na runinga ya karibu viwekwe kwenye kilinda umeme kimoja. Umeme ukikatika, chomoa. Ule unaorudi kwa kishindo baada ya mgao ndio unaoua adapta ndogo za splita.

Ukishaunganisha, washa kwa utaratibu huu:

1. Runinga zote, kila moja ikiwa imechaguliwa tundu lake la HDMI.
2. Ekstenda, kama zipo, usubiri taa zake zitulie.
3. Splita.
4. King'amuzi mwisho.

Sababu ni kwamba king'amuzi huuliza maswali kinapoamka. Kikiamka kabla ya wengine, kinapata kimya na kuamua hakuna runinga inayofaa.

Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi. Ukubwa wa picha usiuache kwenye kujichagulia wenyewe. Weka 1080i au 720p, ule ambao kila runinga iliukubali katika hatua ya 3. Sauti iweke stereo au PCM, aina ya kawaida ambayo runinga za HDMI huikubali. Hili la sauti husahaulika sana. Sebuleni kuna spika kubwa inayokubali Dolby, king'amuzi kinatoa Dolby, na runinga ya chumbani inaonyesha picha isiyo na sauti hata kidogo.

Kisha nenda kwenye kila runinga na uzime uendeshaji wa pamoja kupitia HDMI. Samsung huuita Anynet+, LG huuita Simplink, Sony huuita Bravia Sync. Usipouzima, mtoto atazima runinga ya chumbani akalale, na king'amuzi kitazima nacho dakika ya 85 ya mechi. Uache kwenye runinga ya sebuleni peke yake, au usiuache popote.

Hatua ya 7: Rimoti ya chumbani

Rimoti nyingi za ving'amuzi hutumia mwanga usioonekana, na ukuta unauzuia. Ekstenda nyingi za HDMI zina matundu mawili madogo kwa ajili ya hili. Upande wa runinga unachomeka jicho linalopokea rimoti. Upande wa king'amuzi unachomeka kijiwaya chenye taa ndogo, na kuigandisha mbele kabisa ya jicho la king'amuzi. Kupata mahali pa jicho hilo, zima taa za chumba na umulike sehemu ya mbele ya king'amuzi kwa tochi ya simu. Kioo chenye weusi wa tofauti ndipo lilipo. Sogeza kijiwaya milimita chache chache hadi kila bonyezo likubaliwe.

Mkubaliane nyumbani nani ana rimoti ya kubadili chaneli. Kila chumba kikiwa nayo, kila chumba kitabadilisha picha ya wote.

Picha ikigoma

Vimulimuli vyeupe vinavyotawanyika juu ya picha, au mistari ya papo kwa papo: kebo ni ndefu mno au mbovu. Ulinzi hauhusiki. Badilisha kebo kabla ya kitu kingine.

Picha nzima kupotea kwa sekunde moja au mbili na kurudi, tena na tena: ukaguzi unashindwa. Chomoa runinga moja moja kwenye splita. Ukichomoa ya chumbani na nyingine zikatulia, shida iko kwenye njia ya chumbani: runinga yenyewe, ekstenda yake au waya wake. Ichukue runinga hiyo uiunganishe na splita kwa kebo fupi. Ikikubali, shida ni waya.

Maandishi ya kuilaumu HDCP kwenye skrini zote: kuna kifaa kisicho na kitambulisho, au umewasha kwa mpangilio usio sahihi. Zima vyote, anza hatua ya 6 upya.

Picha yenye rangi ya waridi au kijani kila mahali: king'amuzi na runinga havijaelewana namna ya kubeba rangi. Mara nyingi plagi haijakaa vizuri, au EDID ya splita imekosewa. Sukuma plagi, kisha panga vitufe vya EDID kwenye 1080p.

Runinga ya zamani isiyo na HDMI, au ile iliyoshindwa hatua ya 3, ihudumie kwa tundu la AV lenye rangi ya njano, nyeupe na nyekundu kama king'amuzi chako bado kinalo. Huko HDCP haipo. Picha yake si HD, lakini kwa skrini ndogo ya jikoni inatosha, na ving'amuzi vingi hutoa AV na HDMI kwa wakati mmoja.

Hatua ya 8: Kila chumba na chaneli yake, kwa king'amuzi cha pili

Baadhi ya kampuni zina mpango wa kuunganisha ving'amuzi vya nyumba moja chini ya kifurushi kimoja kwa ada ya nyongeza. DStv huuita XtraView. Uliza kampuni yako kabla ya kulipia kifurushi kizima cha pili.

Kosa linalorudiwa hapa liko kwenye dishi. Mtu ananunua kigawio cha kawaida cha antena, anaugawa waya wa dishi kwa ving'amuzi viwili, na nusu ya chaneli zinapotea kila mwenzake anapobadilisha. King'amuzi cha dishi huiamuru LNB (kile kichwa kilicho mbele ya dishi) kwa umeme kinaoupandisha kwenye waya ule ule: volti 13 kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa mawimbi ya mlalo, na mlio wa kilohezi 22 wa kuchagua bendi. Ving'amuzi viwili kwenye waya mmoja vinatoa amri mbili kwa LNB moja. Dawa ni LNB yenye matundu mawili au manne yanayojitegemea, na kila king'amuzi kivutiwe waya wake wa dishi (RG6) kutoka kwenye dishi.

Ving'amuzi vya antena havina shida hiyo, kwa kuwa antena haipokei amri. Kigawio cha kawaida kinatosha, na mawimbi yakidhoofika unaongeza kikuza mawimbi karibu na antena. Pia kama runinga yako ina kipokezi cha DVB-T2 (mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena) ndani yake, chaneli zisizofungwa utazipata kwa kuchomeka antena moja kwa moja, bila king'amuzi chochote. Kwa chumba cha bibi anayetaka taarifa ya habari tu, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Hatua ya 9: Kila chumba na chaneli yake, kwa intaneti

Hapa ulinzi unabadilika sura. Programu za kutazama filamu na mechi hazikuulizi HDCP peke yake. Huuliza pia kama kifaa chako kina mahali salama ndani ya kichakato pa kufungulia picha. Kwenye Android ulinzi huo huitwa Widevine. Kiwango cha L1 hupata HD. Kiwango cha L3 huzuiwa na huduma kama Netflix kwenye picha ya kawaida, hata intaneti iwe na kasi ya namna gani. Visanduku vingi vya Android vya bei ya chini ni L3, ingawa kwenye boksi kumeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Kabla ya kununua, ulizia kama kimeidhinishwa kwa Netflix na kama ni L1. Muuzaji akikuruhusu kukiwasha, ipo programu ya bure inayoitwa DRM Info inayoonyesha kiwango hicho kwa sekunde chache.

Runinga janja ya kampuni inayojulikana kwa kawaida haina shida hii. Kinachokwama ni kurusha skrini ya simu au kompyuta kwenda kwenye runinga: unasikia sauti, picha ni nyeusi. Badala ya kurusha skrini nzima, tumia alama ya kurusha iliyo ndani ya programu yenyewe. Hapo simu inakuwa rimoti tu, na runinga huichukua picha mwenyewe kutoka kwenye intaneti.

Piga hesabu ya kifurushi cha data. Netflix hushauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p, na saa moja ya HD hula hadi gigabaiti 3 hivi. Runinga tatu kwa saa mbili za jioni ni gigabaiti 18 kwa siku. Kwa bando la simu haiwezekani. Kwa intaneti ya faiba isiyo na kikomo inawezekana vizuri. Na zile Cat6 mbili ulizovuta katika hatua ya 5, peleka moja kwenye ruta na uichomeke nyuma ya runinga iliyo mbali. Ukuta wa tofali na zege hunyonya Wi-Fi vibaya, hasa ile ya gigahezi 5, na programu ikiona mawimbi yanayumba inashusha picha yenyewe bila kukuuliza.

Mwisho wa kazi, kabla fundi hajaondoka, mwambie aandike kwenye kila ncha ya waya jina la chumba unakokwenda, kwa kalamu isiyofutika, pande zote mbili. Pia acha karatasi ya vipimo vya hatua ya 3 ndani ya kabati la king'amuzi.